Vivumishi vya Kiitaliano vya kuonyesha mahali mwilini: tuliopo kwenye kozi za afya Italia tukutane hapa

Kiwiko Kikavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Niko mwaka wa pili wa uuguzi, kaskazini mwa Italia. Nilipokuja nilijua nitateswa na majina ya mifupa. Wapi! Mfupa una jina moja, ukilishika limekaa. Kinachonitesa ni vile vineno vinavyofuata nyuma ya mfupa: laterale, mediale, prossimale, distale. Siku za mwanzo wodini nilitumwa nikatazame ngozi ya mzee mmoja kwenye "malleolo laterale sinistro". Nikainama, nikafunua shuka, nikakagua kifundo cha mguu wa kushoto upande wa ndani. Mzee, mtu wa miaka themanini na ushei, akaninong'oneza: "Dall'altra parte." Upande wa pili. Mgonjwa anajua, muuguzi hajui. Aibu ya siku ile ndiyo imezaa uzi huu.

Nawaona wengi mnaulizia kozi za huku, za shahada na zile za OSS (operatore socio-sanitario, yaani mhudumu wa wagonjwa) za saa 1,000, kwa hiyo naweka nilichonacho. Wajuzi mtanisahihisha.

Kwanza mkao. Wenyewe wanauita posizione anatomica: mtu kasimama wima, anatazama mbele, mikono imening'inia, viganja vimegeuzwa mbele. Maneno yote hupimwa kwa mkao huo, hata kama mgonjwa wako kajikunja kitandani kama kamba. Na kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kwako wewe unayemtazama. Ukiteleza hapo utateleza safari nzima.

Jozi zenyewe: anteriore ni mbele, posteriore nyuma. Superiore juu, inferiore chini. Mediale ni kuelekea ule mstari wa kudhania unaopita puani na kitovuni. Laterale ni kuukimbia mstari huo. Ukifika kwenye mikono na miguu unaongeza prossimale na distale. Prossimale nililishika kanisani, kwenye "ama il prossimo tuo", mpende jirani yako. Kilicho prossimale ni jirani wa kiwiliwili; kilicho distale kimehamia mbali. Kiwiko ni prossimale kwa kiganja, kiganja ni distale kwa kiwiko. Superficiale ni karibu na ngozi (na ukimwambia mtu "sei superficiale" umemtukana, yaani ni wa juujuu), profondo ni kwa ndani.

Sarufi sasa. Vinavyoishia na -e havijali dume wala jike. Il nervo laterale, la vena laterale, na wingi ni -i kwa wote: i nervi laterali, le vene laterali. Lakini profondo, destro, sinistro, medio, mediano, interno na esterno vina sura nne: il muscolo profondo, la vena profonda, i muscoli profondi, le vene profonde. Sisi tuliokua na ngeli hatuna haki ya kulia hapa. Mtu anayesema mti mzuri, miti mizuri, kiti kizuri, viti vizuri bila kufikiri, sura nne ni kifungua kinywa.

Kero ni viungo vyenyewe. Il braccio ni dume, yakiwa mawili yanageuka jike: le braccia. Il dito, le dita. Il ginocchio, le ginocchia. L'osso lungo, le ossa lunghe. Wingi wa gli ossi upo, ila huo ni wa mifupa anayotupiwa mbwa. Halafu la mano inaishia na -o na bado ni jike: la mano sinistra.

Jingine ambalo hakuna aliyenionya: kwetu mkono ni mkono, kuanzia begani hadi kucha. Kwao, kwenye anatomia, braccio inaishia kiwikoni. Kuanzia hapo ni avambraccio, kisha mano. Mguu vilevile: coscia ni paja, gamba ni goti hadi kifundo tu, kisha piede. Mtaani gamba ni mguu mzima, lakini kwenye ripoti ya daktari siyo. Ukisoma "terzo distale della gamba" usiende pajani.

Kitendawili cha kuanzia. Kidole gumba cha mkono (pollice) na kidole kikubwa cha mguu (alluce), kipi ni laterale, kipi ni mediale?


Mzee wa Kigoda

Nimevuta kigoda, binti. Endelea.


Chuma Hakilali

Mimi nimesoma famasia kwa Kiingereza. Naona mnakuza mambo. Chukua neno la Kiingereza, litie "e" mwishoni, kazi imekwisha. Laterale, distale, dorsale, ventrale. Kuna nini tena hapo?


Pwani Tulivu

Kitendawili: vidole vyote viwili mediale, maana vyote viko upande wa ndani.


Kiwiko Kikavu

@Pwani Tulivu, umesahau viganja vimegeuzwa mbele. Simama mbele ya kioo ufanye hivyo kwa vitendo. Gumba linaangalia nje, kwa hiyo pollice ni laterale. Kidole kikubwa cha mguu kinabaki ndani, mediale. Ndugu wawili, anwani tofauti.

@Chuma Hakilali kaka yangu, kwa hayo manne umeshinda. Sasa niambie la kwapa. Ukitia "e" kwenye neno lako la Kiingereza hupati kitu. Kwapa ni ascella, kivumishi ascellare. Kiitaliano hakipendi X, kimeitafuna yote. Axilla ya Kilatini imekuwa ascella, maxilla imekuwa mascella, proximus imekuwa prossimo, maximus imekuwa massimo. Coxa imekuwa coscia, na ikashuka kutoka nyonga hadi paja.

Halafu kuna jambo ambalo mimi ndilo lililonifungua macho. Nomino ya Kiitaliano na kivumishi chake mara nyingi hawafanani kabisa, kama ndugu waliolelewa nyumba tofauti. Mgongo ni schiena, kivumishi ni dorsale. Tumbo ni pancia, kivumishi ni ventrale au addominale. Mdomo ni bocca, kivumishi orale. Mkia ni coda, kivumishi caudale. Kichwa ni testa, kivumishi cefalico. Ini ni fegato, kivumishi epatico. Wayo ni pianta, lakini kivumishi ni plantare, na ile L imerudi. Nomino imezunguka sokoni karne na karne hadi ikachakaa kingo. Kivumishi kimekaa kabatini na vitabu vya Kilatini, kimetolewa juzi bado kimenyooka. Na hiyo testa, kwa Warumi ilikuwa chungu cha udongo. Utani wa mtaani ukawa jina la kichwa.

Kwa hiyo mgonjwa akikuambia "mi fa male la schiena", wewe huandiki neno lake. Unaandika regione dorsale, au lombare kama anashika kiunoni. Na usijitungie. Rafiki yangu aliona bocca akaunda "boccale". Boccale ni kikombe kikubwa cha bia.


Chuma Hakilali

Hahaha, basi nimekaa chini.


Dokta wa Kiwele

Salaam. Mimi ni daktari wa mifugo, nimefanya kazi na Waitaliano kwenye mradi wa maziwa Nyanda za Juu Kusini. Dada Kiwiko, mwili wako wa kusimama wima unawadanganya wanafunzi. Anteriore na posteriore ni salama kwa binadamu tu.

Chukua ng'ombe. Mbele yake ni kichwani, tumbo lake liko chini. Kwa binadamu anteriore ni sawa na ventrale, upande wa tumbo. Kwa ng'ombe ukisema anteriore msikilizaji anafikiria kichwa. Ndiyo maana kwenye vitabu vya mifugo wanatumia craniale kuelekea kichwani, caudale kuelekea mkiani, dorsale mgongoni, ventrale tumboni. Maneno haya hayabadiliki mnyama akisimama, akilala au akipanda ukuta. Ukifika kichwani kwenyewe, craniale inakosa maana, maana tayari uko kichwani, kwa hiyo wanasema rostrale, kuelekea puani. Limetoka kwenye rostro, mdomo wa ndege, na pia ile ncha ya shaba ya merikebu za vita za Warumi.

Miguuni kuna kituko kingine. Ukishapita goti la mguu wa mbele kwenda chini, upande wa nyuma hauitwi tena caudale bali palmare. Kwa mguu wa nyuma unaitwa plantare. Upande wa mbele kwa miguu yote ni dorsale. Kwa maneno mengine, ng'ombe wanamhesabia kuwa anatembea kwa vidole, na ndiyo kweli yenyewe.

Lakini wakamuaji hawakutaka habari hizo. Kiwele kina robo nne na wao wanasema quarto anteriore destro, quarto posteriore sinistro. Na bucha nao vilevile, nusu ya ng'ombe inakatwa quarto anteriore na quarto posteriore. Siku moja nilisema "quarto craniale" kwenye banda, fundi wa mashine akaniuliza kama ng'ombe ana kiwele kichwani.


Mama Wawili

Hodi humu. Mimi ni OSS, Roma, mwaka wa kumi na moja. Ninyi wasomi mna dorsale na rostrale, sisi wa kugeuza wagonjwa tuna maneno matatu ya kutulisha: supino, prono, laterale.

Supino ni chali. Prono ni kifudifudi. Nyumbani kwa mzee hutasikia prono, utasikia "a pancia in giù" au "bocconi", yaani mdomo chini. Kulala ubavu ni "sul fianco", lakini kwenye karatasi ni decubito laterale destro au sinistro. Mwanangu Kiwiko amesema vya -o vina sura nne, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa: "la signora è supina", "il signore è supino". Ukiandika "la signora è supino" wanaelewa, ila wanakutazama.

Na hilo neno posteriore mlitazame kwa heshima zote. Likisimama peke yake, il posteriore, ni makalio. Mwaka wangu wa kwanza bibi aliniambia amekaa muda mrefu anaumwa "il posteriore". Nikaandika kwa bidii: dolore posteriore. Msimamizi akaja na daftari: "Posteriore ya nini? Ya goti? Ya shingo? Ya nyumba?" Kivumishi cha mahali bila nomino ni kama kibandiko cha bei kilichodondoka kwenye bidhaa.


Pwani Tulivu

Mama Wawili umenimaliza. Ya nyumba!


Jezi Namba Kumi

Mimi sijasomea afya hata dakika moja. Maneno haya nimeyapata kwenye magazeti ya mpira ya Italia. "Rottura del legamento crociato anteriore", yaani ligamenti ya goti kuchanika, kila msimu lazima uisome mara kumi. Roberto Baggio, Mei 1985, yuko Vicenza, miaka 18, ameshauzwa Fiorentina, goti la kulia likaondoka. Totti, Februari 2006, perone ya mguu wa kushoto, na Juni akaenda kucheza Kombe la Dunia na vyuma mguuni, wakalichukua.

Maswali yangu mawili. Moja, hilo "crociato anteriore" liko mbele ya goti? Maana nikijigusa mbele ya goti nakutana na kifuu tu. Mbili, perone na fibula ni mfupa mmoja au miwili?


Kiwiko Kikavu

@Jezi Namba Kumi, maswali mazuri kuliko ya mtihani.

Crociato ni "lenye kupishana kama msalaba". Ndani kabisa ya goti mna ligamenti mbili zinazopishana hivyo, zinaunganisha mfupa wa paja na tibia, mfupa mkubwa wa muundi. Ile ya anteriore imeshika sehemu ya mbele ya kichwa cha tibia, kisha inapanda kwenda juu, nyuma na nje hadi mfupa wa paja. Ya posteriore imeshika nyuma ya tibia. Kwa hiyo kivumishi kinakuambia inashikia wapi kwenye tibia, si kwamba iko usoni mwa goti. Ndiyo maana ukijigusa huioni.

Magazeti yako yana lahaja yao pia. Yanaandika "menisco interno" na "menisco esterno" (yale magegedu ya goti) pale daktari anapoandika mediale na laterale. Kwenye anatomia ya kisasa interno na esterno wanapenda kuyaweka kwa kitu chenye uwazi, ndani ya tundu na nje ya tundu, kama orecchio interno, sikio la ndani. Mimi nikiwa na mgonjwa nasema interno, nikiwa na kalamu naandika mediale.

Perone na fibula ni mfupa mmoja, ule mwembamba wa pembeni ya muundi. Perone ni Kigiriki, fibula ni Kilatini, na yote mawili maana yake pini ya kufungia nguo, kwa sura yake. Vivumishi vyake ni peroneale na fibulare. Na mwisho wake wa chini, ule uvimbe wa kifundo upande wa nje, ndio malleolo laterale. Laiti ningejua hivyo siku ile nimeinamia miguu ya yule mzee! Ningetafuta mfupa wa Totti.


Mzee wa Kigoda

Kuhusu hilo kabati la Kilatini. Nilipita Padova zamani kidogo, wakanionyesha ukumbi wa anatomia ndani ya Palazzo Bo, jengo la chuo kikuu, wa mwaka 1595, wakati wa profesa Girolamo Fabrici. Umbo lake ni kama yai, ngazi sita zinazoshuka kama faneli, meza chini kabisa. Wanafunzi walisimama, hakuna pa kukaa, kifua kwenye ukingo, wanachungulia maiti chini. Walitoka Ujerumani, Uingereza, Poland, kila mmoja na lugha ya mama yake, na mwalimu akifundisha kwa Kilatini. Sasa fikirieni umesimama kule juu, mwenzako kasimama ng'ambo. "Kulia" ya nani? "Juu" ya wapi, na maiti amelala? Mimi sikusomea mambo haya lakini pale niliona kwa nini walihitaji maneno ambayo hayamtegemei anayetazama.

Padova hiyo hiyo ndiyo nyumbani kwa CUAMM, shirika la madaktari wanaofanya kazi Afrika, wale madaktari wa hospitali ya Tosamaganga, Iringa. Shirika lenyewe lilianzishwa 1950, huko Padova.


Mwalimu Mbegu

Naona mmejaza uzi nyama na mifupa, mimea mmeisahau. Mimi nafundisha baiolojia, na Kiitaliano nilikisoma kwa mapenzi tu.

Jani kwa Kiitaliano lina kurasa! Uso wa juu wa jani ni pagina superiore, wa chini ni pagina inferiore. Sijaona lugha iliyonifurahisha hivyo. Kichipukizi cha nchani ni gemma apicale, na kile kinachochomoza kwenye pembe kati ya jani na shina ni gemma ascellare, yaani cha kwapani. Kwapa lile lile la Kiwiko.

Lakini mtego uko kwenye ua. Ovari ya ua haiitwi superiore wala inferiore. Inaitwa ovario supero na ovario infero, mkazo mwanzoni, SÙ-pero, ÌN-fero. Na hivi vina sura nne, si mbili. Ukisema ovario superiore profesa anajua umetafsiri kichwani.

Tofauti unaiona sokoni bila darubini. Shika nyanya. Yale majani madogo ya kijani yako upande wa kikonyo, nyanya imeota juu yake: ovari supero. Embe na chungwa vilevile. Sasa shika pera. Kile kitaji kikavu kiko ncha ya pili, mbali na kikonyo, kwa sababu ua lilikaa juu ya ovari: infero. Tango na ndizi nazo ni infero, ndiyo maana ndizi mbichi ina kile kipande cheusi nchani. Wanafunzi wangu huwa nawatuma sokoni na kapu, wanarudi wamejua.

Na kwa watu wa Pwani: kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota, hakina kichwa wala mkia, kwa hiyo craniale na caudale zinakwama. Upande wenye mdomo, ule wa chini, ni orale; wa juu ni aborale. Hana mbele wala nyuma, ana mdomoni na si-mdomoni.


Pwani Tulivu

Mwalimu, na samaki je?


Mwalimu Mbegu

Samaki ni rahisi, mapezi yake yanakufundisha bure: pinna dorsale mgongoni, pinna caudale mkiani, pinne pettorali nyuma ya matamvua, pinne ventrali chini ya tumbo, na pinna anale. Angalia pettorali na ventrali nimeziweka kwenye wingi kwa sababu ziko mbilimbili.


Chuma Hakilali

Nimerudi kwa adabu. Swali la kweli sasa. Nikitaka kusema "iliyo juu zaidi", naweza kusema "più superiore"?


Kiwiko Kikavu

Usithubutu. Superiore yenyewe tayari ina "zaidi" tumboni. Kwa Kilatini superior ni "juu zaidi", inferior "chini zaidi". Ni kama kusema "bora zaidi zaidi". Unasema "più in alto", au unasema kitu fulani ni superiore A kitu kingine. Hapo kuna kihusishi cha kushika: superiore a, inferiore a, anteriore a, posteriore a. L'esofago è posteriore alla trachea. Umio uko nyuma ya bomba la hewa. Vyenye -ale navyo huvumilia "rispetto a": laterale rispetto all'ulna (ulna ni mfupa wa kigasha upande wa kidole kidogo). Na hivyo vya -ale havina "zaidi" ndani, kwa hiyo più laterale, più distale ni halali kabisa. Madaktari wengine utawasikia wakisema più anteriore. Waache, ni madaktari.

Kilatini kilikuwa pia na ngazi ya juu kabisa, na moja imejificha kifuani mwako. Kati ya mbavu mna tabaka tatu za misuli: intercostali esterni, za nje, intercostali interni, za ndani, na zilizo ndani kupita zote ni intercostali intimi. Intimo ni "wa ndani kabisa". Ndilo neno hilo hilo la rafiki wa moyoni, amico intimo, na la nguo za ndani, biancheria intima. Nililipenda hilo nikacheka peke yangu maktaba.


Mama Wawili

Mkuu wa kitengo changu angesikia umecheka maktaba kwa sababu ya mbavu angekupeleka likizo.


Ndege wa Asubuhi

Nimejaribu sentensi zangu, nisahihisheni. Mimi ndiyo kwanza nimepata nafasi, naondoka Septemba.

1. Il polmone destro ha tre lobi: superiore, medio e inferiore.
2. Le vene profondi della gamba.
3. I lobi superiori e inferiori del polmone sinistro.
4. Il nervo mediano è nel piano mediano.


Kiwiko Kikavu

Moja, safi. Pafu la kulia lina vipande vitatu, la kushoto viwili.

Mbili, profonde. Vene ni jike, na profondo ni wa sura nne. Utaliona kila siku: trombosi venosa profonda, damu kuganda kwenye vena za ndani, kifupi TVP.

Tatu ni pazuri, nashukuru umekosea. Pafu la kushoto lina lobo la juu moja na la chini moja. Ukisema "lobi superiori" umesema yako mengi juu. Kiitaliano kinaruhusu jambo ambalo mwanzoni linaumiza jicho: nomino kwenye wingi, vivumishi kwenye umoja. I lobi superiore e inferiore. Gli emisferi destro e sinistro. Nomino inahesabu jumla, kila kivumishi kinahesabu cha kwake. Kwetu tungesema "mikono, wa kulia na wa kushoto". Ni akili ile ile, wa na wa, si ya na ya.

Nne, umeingia mtegoni. Piano mediano ni ule unaogawa mwili nusu kwa nusu. Lakini nervo mediano uko katikati ya mkono, mbali na mstari huo. Mediano ni "wa katikati", swali ni katikati ya nini. Mediale ni "kuelekea katikati". Medio ni "wa kati kwa kati", kama dito medio, orecchio medio, au kwenye ripoti za mivunjiko: terzo prossimale, terzo medio, terzo distale. Maneno matatu, herufi chache mbalimbali, na ukiyachanganya umemfunga mgonjwa plasta pengine.


Dokta wa Kiwele

Ongezeni na volare. Upande wa kiganja wa mkono wanaita palmare, lakini wapasuaji wa mifupa wanapenda volare. "Placca volare" kwenye kifundo cha mkono ni chuma kilichowekwa upande wa kiganja. Mimi nilijua kwamba volare ni kuruka, nikawaza chuma kinachoruka.


Ndege wa Asubuhi

Na jina langu lilivyo, hilo sitalisahau. Asanteni sana, nimeandika yote kwenye daftari.


Mzee wa Kigoda

Binti Kiwiko, mtihani wako lini?


Kiwiko Kikavu

Alhamisi, Mzee. Ni wa mdomo, unakaa mbele ya profesa anakuuliza anachotaka. Alama 30, wa kufaulu ni 18.


Pwani Tulivu

Alhamisi imepita. Dada uko wapi?


Kiwiko Kikavu

Nipo, nilikuwa nalala. Alinipa mkono wa plastiki akaniambia nionyeshe radio (mfupa wa pili wa kigasha, mwenzake ulna), kisha niseme iko upande gani wa ulna. Nikageuza kiganja mbele kwanza, nikamwona anatabasamu. Laterale. Akauliza, "E il pollice?" Laterale. Akachungulia chini ya meza, akanyooshea kiatu changu: "E l'alluce?" Mediale, professore. Hapo nikakumbuka ninyi nikataka kucheka.

Nimepata 27.


Mzee wa Kigoda

Hongera sana mwanangu! Na zile tatu zimeangukia wapi?


Kiwiko Kikavu

Nilisema "gli ossi della mano".


Mama Wawili

Mifupa ya mbwa! Ameshukuru Mungu hajakupa 18.